Jiko la Kioo Ndani ya Gari la Mkate

Harufu ndiyo iliyonipata kwanza. Mama alikuwa ameniambia nitoe vitu vyote ndani ya gari kwa sababu mwenye kulinunua angekuja Jumamosi kulivuta. Nikavuta ule mlango wa kando unaokwama, nikaingiza kichwa. Kulikuwa na kinyesi cha kuku, bila shaka, maana kuku wa nyanya yangu wamelala humo miaka mingi. Lakini chini ya kinyesi kulikuwa na mkate. Na chini ya mkate kulikuwa na mpira wa waya uliopata moto, na kitunguu. Nilisimama hapo na ufagio mkononi, nikawa tena na miaka tisa.

Mimi si mtu wa kuongea. Hata nikijua jibu darasani siinui mkono, na kila mwisho wa muhula mwalimu wa darasa huandika maneno yale yale kwenye ripoti yangu: aongeze sauti. Kwenye daftari sauti ninayo. Kuna jambo nililofanya ndani ya lile gari nikiwa darasa la nne, na mpaka wiki iliyopita hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia. Naliandika kwa ajili ya watu wa rika langu, kwa sababu nadhani si mimi peke yangu ninayetembea na kitu kama hiki.

Lilikuwa gari la kusambaza mkate, refu na jeupe, bila madirisha ubavuni. Baba alikuwa fundi wa magari makubwa hapa Nakuru, na lile lilipochoka akaachiwa na wenyewe. Akalivuta mpaka nyumbani kwetu, kwenye ploti ya Kukhu, upande wa barabara ya Njoro. Kukhu ndilo jina tunalomwita nyanya, mama yake Baba. Alihamia hapa kutoka landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, babu alipostaafu, na sisi tulikaa naye, bado tunakaa.

Baba alikuwa na mpango. Alikuwa ameona watu wa Nairobi wakija wikendi na mahema yao upande wa Naivasha na Longonot, wakinyeshewa, wakitafuta kuni zilizolowa. Akasema atatengeneza nyumba ya magurudumu, mtu akodishe, alale kitandani, apike chai yake akiangalia mlima. Alikata madirisha mawili. Akatengeneza kitanda kinachokunjwa, kabati, sinki yenye mtungi juu. Juu ya paa akafunga sola, na chini ya kitanda akaweka betri mbili kubwa, na inverta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, iliyokuwa ikivuma kama nyuki. Kazi hiyo ilichukua likizo mbili nzima na harufu ya mkate haikutoka. Nilikuwa napenda kulala kwenye mbao zake mpya na kunusa, nikijifanya mimi ni skonzi.

Kilichobaki ni jiko.

"Weka meko," Mama alisema. Hapa kwetu meko ni ule mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha kupikia. "Kila mtu anapikia meko."

"Gesi ndani ya gari, watu wamelala, milango imefungwa? Hapana." Baba hakuinua kichwa kutoka kwa waya zake. "Mimi niliona Sachangwan."

Na Mama akanyamaza. Watu wa huku ukiwatajia Sachangwan kwa sauti ile wananyamaza. Lori la mafuta liliwaka huko mimi sijazaliwa, watu wengi wakaungua, na Baba alikuwa miongoni mwa mafundi walioitwa baadaye kuondoa vyuma barabarani. Hakuwahi kusimulia alichokiona. Alichofanya ni kukataa moto kwenye gari lake, basi.

Kwa hiyo jiko likawa la stima. Mhadhiri mmoja wa Njoro, aliyekuwa akihama, alimpa kama shukrani baada ya Baba kumfufulia gari. Lilikuwa bamba jeusi la kioo, jembamba, kubwa kidogo kuliko atlasi ya shule, lenye vitufe upande wa mbele. Baba alilibeba kama mtoto mchanga akaliweka juu ya meza ya Kukhu.

"Moto unatoka wapi?" Kukhu aliuliza.

"Hakuna moto, Mama. Linapasha sufuria peke yake. Weka mkono."

Kukhu hakuweka. Mimi niliweka. Lilikuwa baridi kama kaburi la simiti, halafu likapiga kelele, *pii, pii, pii*, na herufi nyekundu zikaanza kuwaka na kuzima. Nikaruka nyuma.

"Limemkataa," Kukhu alisema.

Alikuwa anatania. Kukhu hutania bila kucheka, na hiyo ni hatari kwa mtoto wa miaka tisa. Mimi niliamini kabisa kwamba lile jiko lina uamuzi. Na siku iliyofuata lilithibitisha, kwa sababu Mama aliliwekea sufuria yake nzuri kuliko zote, ile ya ugali, nalo likampigia *pii, pii, pii*. Akaweka nyingine. *Pii, pii, pii*. Akaweka karai.

"Baba Nekesa, hili jiko lako lina madharau."

Baba ndiye aliyeeleza kwamba halishiki sufuria za alumini, linataka chuma ambacho sumaku inang'ata. Akavunja spika iliyokufa, akatoa sumaku yake nzito kama andazi, na Jumamosi tukaenda sokoni, mimi na yeye. Sijasahau ile asubuhi. Baba mrefu, ovaroli yake ya kazi, anainama kwenye kila kibanda cha sufuria na kugusisha sumaku, ananyanyua, inaanguka. Anagusisha, inaanguka. Nyuma yetu kukawa na msafara wa watazamaji.

"Boss, unanunua ama unazipima malaria?"

"Mathe, ficha sufuria, daktari amekuja!"

Mama mmoja mnene aliyekuwa amekaa juu ya ndoo alimtazama Baba akijaribu sufuria zake zote kumi na mbili, kubwa mpaka ndogo, kisha akasema kwa huruma, "Mwanangu, wewe oa tu. Mwanamke atakuchagulia." Soko zima likacheka. Baba pia alicheka, akanishika bega. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huo huo nilitamani siku isiishe.

Hatukupata. Zile za supamaketi zilishika, lakini Mama alizigonga kwa kucha akasema ni nyembamba, ugali utaungua kabla haujaiva. Baba akaniachia sumaku niwe nayo mfukoni. Nikaanza kuijaribu kila mahali: lango, bawaba, miguu ya kitanda, miwani ya Kukhu akiwa ameivaa. Halafu nikaingia chini ya kitanda chake, na kabla sijafika vizuri sumaku ikaniponyoka yenyewe. *Tak*.

Ilikuwa imeng'ang'ania sufuria nyeusi ya chuma, nzito, ya tako bapa, yenye kifuniko. Ndani yake Kukhu alikuwa ameweka kofia ya babu ya reli, filimbi yake, na karatasi zilizofungwa kwa kamba.

Babu alikuwa gadi wa treni za mizigo. Alikuwa akipanda behewa la mwisho kabisa, lile la nyuma, na humo kulikuwa na jiko dogo la makaa. Siku mbili, siku tatu, treni ikienda mpaka Malaba na kurudi, alikuwa akijipikia huko nyuma, kwenye sufuria hiyo. Mimi sikumpata akiwa hai. Nilimjua kwa ile filimbi tu.

Baba alipoomba ile sufuria, Kukhu hakujibu siku hiyo. Wala kesho yake. Siku ya tatu tulipata kofia, filimbi na karatasi zimewekwa kwenye kikapu, na sufuria iko juu ya meza, imesuguliwa kwa majivu na kupakwa mafuta.

"Imezoea kusafiri," alisema. "Lakini irudi kavu. Ikirudi na kutu nitajua ni nani."

Baba akaiweka juu ya kioo. Jiko halikupiga kelele. Likanyamaza, likavuma kidogo, na baada ya muda mfupi maji yakaanza kutetemeka. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nikimwangalia Baba, ambaye alikuwa anaangalia sufuria tu, mkono kidevuni, kama mtu anayesoma barua.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hapa ndipo shida yangu ilipoanzia.

Wakati Baba alipokuwa bado akikata madirisha ya gari, nilikuwa nikiosha vyombo nyuma ya nyumba mchana mmoja, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mama na Baba walikuwa wakiongea polepole, ile polepole ya wazazi inayomfanya mtoto asimamishe maji.

"Na Qatar?" Mama aliuliza. "Utawajibu nini?"

"Gari ndiyo itaamua. Ikikubali, nabaki. Ikikataa, naenda."

Rafiki yangu wa darasani baba yake alikuwa ameenda Qatar kuendesha lori. Alikuwa akimwona kwenye simu, akiwa na ukuta mweupe nyuma yake, na simu ikikwama uso wake unaganda mdomo wazi. Nilijua Qatar ni nini. Kuanzia siku hiyo gari halikuwa gari tena. Na jiko lilipokuja, na kuanza kukataa vitu kwa sauti, nikajua ni kiungo gani cha gari kitakachotoa hukumu. Kila usiku kabla ya kulala niliomba lile bamba jeusi likubali. Niliomba kwa Mungu, lakini nilikuwa nikilitaja jiko.

Wiki ile ya kabla ya safari ya majaribio niliona mambo mengine. Niliona picha nne ndogo za Baba kwenye dashibodi, ukuta mweupe, macho ameyakaza. Nikafurahi. Nikasema hizo ni za leseni ya gari. Niliona pia vidole vyake vimekuwa vyeusi kwenye ncha, vyote kumi, nikamletea sabuni ya unga na brashi ya viatu, maana hivyo ndivyo mafuta ya gari yanavyotolewa. Alikaa kwenye stuli akaniachia vidole nimsugulie kimoja kimoja.

"Hayatoki," nilimwambia.

"Yatatoka tu, Neke. Wewe sugua."

Tukaenda Longonot baada ya shule kufungwa, Mama, Baba na mimi. Kukhu alibaki na kuku wake, akatuombea akiwa ameshika bodi ya gari kama mtu anayebariki ng'ombe. Nilikaa nyuma nikishikilia sufuria magotini ili isigonge kabati. Tulipita Gilgil na ubaridi wake, tukashuka, na baadaye mlima ukatokea kwenye dirisha ambalo Baba alikuwa amelikata kwa mkono wake mwenyewe, ukiwa na ile midomo yake iliyopasuka. Karibu na senta ya Longonot mzee mmoja alituruhusu kuegesha kwenye shamba lake lisilolimwa. Vumbi la huko ni jepesi kama unga, likiingia kwenye soksi halitoki mpaka Nakuru.

Jioni, jua bado lipo, Mama akaanza kupika. Alikaanga kitunguu na sukuma, mambo yakaenda vizuri. Halafu ukaja ugali.

Sijui kama umewahi kumwangalia mama wa kutoka magharibi akisonga ugali. Mama hasongi tu. Anainamisha sufuria, anaikumbatia kwa kitambaa, anaipiga ubavu. Sasa kila alipoiinua kutoka kwenye kioo, *pii, pii, pii*, jiko linazima. Anairudisha, anasonga mara tatu, mazoea yanamshinda, anainua. *Pii, pii, pii*. Na akiiacha bapa bila kuishika, inateleza kwenye kile kioo na kuzunguka naye.

"Linanipigia filimbi kama trafiki! Nimekosa nini?"

"Usiinue, mama," Baba alimwambia.

"Nisiinue nitasonga aje? Wewe njoo usonge."

"Mimi nashika. Wewe songa."

Baba akaja nyuma yake, akapitisha mikono pande zote mbili, akashika masikio ya sufuria kwa matambara na kuikandamiza chini. Mama akasonga. Ndani ya gari lile kulikuwa hakuna nafasi, kwa hiyo walisonga kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Mwiko ukigonga, gari linatikisika. Mama alianza kucheka, Baba naye, ugali ukawa unasongwa kwa kicheko, na mimi nikiwa juu ya kitanda nilifunga mdomo kwa mto kwa sababu niliogopa nikicheka kwa sauti watakumbuka nipo na waache.

Tulikula tukiwa tumekaa kwenye ngazi za mlango. Mama alimaliza kwanza, akasema anaenda kuosha mwiko. Alikaa huko nyuma ya gari muda mrefu kwa mwiko mmoja.

Baba aliangalia kijitaa cha betri kikiwa kimeshuka karibu na mwisho. "Ugali umekunywa moto mwingi," alisema. "Kesho asubuhi kama bado inaweza kuchemsha chai, basi tumefaulu." Alisema vile kama mtu anayesema kesho itakuwa na jua. Kwangu ilikuwa ni kutajiwa saa ya mtihani.

Niliamka kabla yao. Nje kulikuwa kumepambazuka, kijivu, na baridi ya kung'ata masikio. Nikajaza maji kwenye sufuria ya babu, nikaiweka juu ya kioo, nikabonyeza. Hakuna. Wala *pii*. Nikabonyeza tena. Bamba lilikuwa limekufa, nikiona uso wangu ndani yake.

Kulikuwa na swichi nyekundu kando ya kitanda. Baba alikuwa amenionyesha kabla hatujatoka Nakuru. Swichi hiyo inaunganisha betri ya nyumba na betri ya injini, na haiguswi, kwa sababu jiko litakunywa zote mbili. Nilikumbuka kila neno. Wasiojua ndio husamehewa, na mimi nilijua. Niliwaangalia wamelala, Baba mkono wake uko juu ya kichwa cha Mama, nikaweka kidole chini ya ile swichi nikainua.

Jiko likavuma.

Nilipika chai kwa maziwa ya pakiti, nikampelekea Baba kitandani. Alionja, akakaa wima. "Eh! Nani amepika? Na hili jiko?" Akaweka mkono kwenye sufuria, akauondoa haraka. "Mama Nekesa, amka! Imekubali!"

Sijawahi kushinda kitu maishani kama nilivyoshinda pale. Nikaacha sufuria ikiwa juu ya kioo ili chai isipoe, nikatoka nje, na kule kwenye miti ya miiba kulikuwa na twiga watatu. Niliwaangalia mpaka nikasahau kwamba kuna swichi duniani.

Wakati wa kuondoka Baba akazungusha ufunguo. *Tik*. Akazungusha tena. *Tik*. Mama akauliza ni nini, lakini Baba alikuwa ameshafungua mlango. Akashuka, akaingia nyuma, na nilimsikia akisimama kando ya kitanda bila kusogea.

"Nani amegusa hii?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa mchanga. Mama aliniangalia, kidogo sana, kama mtu anayepitisha macho ukutani.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa natafuta swichi ya taa."

Baba alimwangalia. Nikangoja ugomvi. "Sawa," alisema tu. "Tungoje jua lipande, sola ijaze."

Tulingoja karibu masaa matatu. Baba hakuwa na hasira. Alilala chali kwenye nyasi, akaniita, akanionyesha jinsi babu alivyokuwa akipiga filimbi ya kuondoka kwa vidole viwili. Nikashindwa, mate yakaruka, akacheka. Akanibeba mabegani ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa na miguu yangu ilikuwa ikimpiga kiunoni, tukaenda mpaka kwenye ile miti, tukarudi. Mama alikaa mlangoni akichambua mchele ambao tulikuwa hatuna mpango wa kuupika. Jua lilipokuwa limeshika vizuri na betri bado haitoshi kuwasha injini peke yake, vijana wawili wachungaji wakaja kutusukuma. "Boss, weka gia mbili! Achilia klachi! Sasa!" Gari likakohoa, likawaka, na kila mtu akashangilia isipokuwa mimi.

Wiki mbili baadaye Baba akaenda Qatar.

Naomba uelewe jinsi kichwa cha mtoto kinavyohesabu. Gari likikataa, naenda. Gari lilikataa. Nani alilikatalisha? Ilikuwa hesabu fupi, na kila nilipoirudia jibu lilikuwa lile lile. Amekuja nyumbani mara mbili tangu wakati huo, mwezi mmoja mmoja, na mara zote mbili nilikuwa mpole mno, nikimletea maji kabla hajaomba, na Mama akisema huyu mtoto amekuwa mwanamke. Sikuacha kuongea siku moja. Niliacha kidogo kidogo. Mtu akiuliza swali mbele ya watu, hata la sayansi, mimi nasikia "nani amegusa hii?" na mdomo unajaa mchanga. Gari lilibaki hapo kwenye ploti, matairi yakaishiwa upepo, kuku wakahamia.

Basi wiki iliyopita nilikuwa humo na ufagio, na kwenye kabati, nyuma ya kiota chenye mayai mawili, nikakuta jiko. Limefungwa kwenye shuka, zima, kioo hakina hata mkwaruzo. Na sumaku ilikuwa kwenye bawaba ya kabati, imeng'ang'ania palepale nilipoiacha.

Nikakaa kwenye mbao za kitanda nikamrekodia Baba ujumbe wa sauti. Nilifuta wa kwanza. Nikafuta wa pili, wa tatu nilikuwa nalia. Wa nne niliutuma kabla kidole hakijapata akili. Nilimwambia yote. Dirisha, na "gari ndiyo itaamua," na swichi. Nikamwambia ni mimi niliyemfanya aende.

Akapiga simu baada ya dakika kumi. Nyuma yake ukuta mweupe.

"Nekesa. Nani alikwambia ile safari ilikuwa mtihani?"

"Wewe. Ulisema ikichemsha chai tumefaulu."

"Mimi?" Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nilisema hivyo? Neke, nisikilize. Watu wa bima walikataa gari mwezi mzima kabla ya hiyo safari. Walisema gari la kutengenezewa nyumbani haliwezi kukodishwa. Ilikuwa imekwisha. Zile picha ndogo, ule wino wa vidole... wewe ulinisugua mwenyewe. Hizo zilikuwa karatasi za Qatar. Tiketi nilikuwa nayo mfukoni tukiwa pale."

"Mama alijua?"

"Mama alijua. Ni wewe tulishindwa kukwambia. Tulisema tukwambie kwenye mlima. Tulifika mlimani, ukaonekana una furaha, tukashindwa."

Nilikuwa nimeshika sumaku. Nilikuwa nimeishika kwa nguvu mpaka kiganja kikauma.

"Na swichi," nikasema. "Ulidhani kweli ni Mama?"

Baba akacheka, kile kicheko cha sokoni. "Mama yako mpaka leo hajui swichi iko wapi. Nilijua ni wewe. Sufuria ilikuwa bado moto."

"Mbona hukunichapa?"

Nikadhani simu imekwama, uso wake ulikuwa umetulia hivyo. Kisha akasogea.

"Nilikuwa nimepanga tuondoke saa mbili. Wewe ulifanya tukae mpaka karibu saa tano. Hapa kazini, siku ikiwa mbaya, ni hayo masaa ninayoyakumbuka. Sasa ningekuchapa ya nini?"

Jumamosi mwenye kulinunua gari akaja. Ni mama mchangamfu anayetaka kulifanya kibanda cha chipsi, na alisema harufu ya mkate itamsaidia. Alilivuta na kitanda, kabati na madirisha. Jiko sikumpa. Nililiweka jikoni juu ya meza ya Kukhu, na Kukhu, bila kuulizwa, akaenda chumbani kwake akatoa tena kofia na filimbi na karatasi, akaniletea sufuria.

Jioni tukampigia Baba, tukaegemeza simu kwenye mkebe wa majani chai. Mama alipima unga. Mimi nikasimama nyuma yake, nikapitisha mikono pande zote mbili, nikashika masikio ya sufuria kwa matambara. Siku hizi tunalingana urefu, sikujua.

"Neke, kandamiza," sauti ikatoka kwenye mkebe. "Usimwachie ainue."

"Nimeshika," nikasema.

"Sisikii! Ongeza sauti!"

"NIMESHIKA!"

Mama akasonga mara tatu, mazoea yakamshinda, akainua.

*Pii, pii, pii.*